Ndege Ndani ya Chupa Namba Tatu

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Chupa alipanga chupa zake kumi na mbili za maji ya mji juu ya meza ya maabara, lebo zikimwelekea yeye. Alifungua ya kwanza, akainusa. Alifungua ya pili, akainusa. Alifungua ya tatu, ndege ikaruka.

Ilianza kwa mngurumo wa kupasha injini moto, ikakimbia, ikanyanyuka, na vijiko vya kupimia dawa vikachezacheza ndani ya kopo lao. Mama Chupa alitazama nje dirishani. Angani hakukuwa na kitu. Ndege ya kwanza ya siku ile ilikuwa bado dakika arobaini. Akaziba chupa, pakawa kimya. Akaifungua tena, na ndege ikaendelea pale ilipokatizwa, ikaenda ikififia mpaka ikaishia. Hapo ndipo alipoyanusa maji. Hayakuwa na harufu.

Alikuwa amelala, ameamka na kupika chini ya njia ya ndege kwa miaka thelathini, kwa hiyo alijua ni ndege gani hiyo. Ilikuwa ile ya mapangaboi mawili, iliyozoea kukohoa mara mbili kabla ya kunyanyuka, na ambayo ilistaafishwa miaka miwili iliyopita. Alifurahi kidogo kuisikia, kama mtu anavyofurahi kukutana na jirani aliyehama. Kisha akachukua fomu.

Fomu ilikuwa na safu ya rangi, ya harufu, ya tope, ya klorini na ya vijidudu, na mwisho kabisa safu ya mengineyo. Katika safu ya mengineyo Mama Chupa alikuwa ameandika "Hakuna" kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na saba. Siku hiyo aliandika: "Ndege moja, ya zamani."

Mkuu wa maabara, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake, alikuja na fomu mkononi kabla ya saa ya chai.

"Shikamoo, mama. Hapa umeandika ndege."

"Marahaba. Ndiyo, mkuu."

"Ngapi?"

"Moja. Nimeandika."

Mkuu alichukua kitabu cha viwango, akakipekua kutoka jalada hadi jalada, akakirudisha mahali pake.

"Hakuna kiwango cha juu cha ndege kwenye maji ya kunywa."

"Hakuna."

"Basi haijazidi," akasema, na akapiga muhuri.

Maji ya chupa namba tatu yalitoka kwenye chemchemi iliyo bondeni, chini ya kiwanja cha ndege, na nusu ya mji iliyanywa. Katika nusu hiyo ilikuwemo nyumba ya Mama Chupa mwenyewe, alimoishi na mwanawe, mke wa mwanawe, na mjukuu wa kike wa miezi minane aliyekuwa ndio kwanza ameanza kunywea kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa cha plastiki, chenye masikio mawili, na mtoto alikiona ndicho kitu cha maana kuliko vyote duniani. Asubuhi Mama Chupa aliyapima maji ya chemchemi, na jioni akamtilia mjukuu wake maji yaleyale. Hapo zamani hilo lilimpa raha, kama mpishi anayekula chakula alichopika mwenyewe.

Wakati huo kiwanja cha ndege kilikuwa kinataka kupanuliwa. Kutoka kwenye uzio wa kiwanja hadi kwenye chemchemi ulikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Katika ramani mpya uzio ungefika hatua arobaini tu kutoka kwenye maji, ili njia ya kurukia iwe ndefu na ndege kubwa zipate mahali pa kukimbilia. Uwanja wa mazoezi ya zimamoto nao ungesogea pamoja na uzio. Zilikuwa zimeandikwa ripoti mbili. Ripoti ya kelele ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini, na ilipima kelele za hewani, kwa kimo cha sikio la mtu aliyesimama. Ripoti ya maji ilikuwa na kurasa tisini, na ilipima vitu vya majini vyenye uzito. Kelele za majini hazikuwa za ripoti yoyote, na hakuna aliyezigombania.

Mjini, watu walizoea mapema kuliko ilivyotarajiwa. Ndege zilipita kwenye masufuria na ndoo. Mtu akifungua bomba anawe uso, aliinamisha kichwa. Mwalimu wa jirani aligundua kwamba maji yakiachwa wazi kwenye beseni tangu asubuhi, ndege zote zinakuwa zimeshaondoka ifikapo adhuhuri, na akawafundisha wanafunzi wake wakawaambie wazazi. Wenye haraka walichemsha, wakafunika, na kusubiri mfuniko utulie. Kinyozi aliyenyoa kwa maji ya bomba alijifunza kusimamisha wembe mpaka ndege ipite. Ndoa moja ilipona kabisa, kwa sababu wahusika hawakusikiana tena wakati wa kuosha vyombo.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, chupa namba tatu haikuwa na ndege. Ilikuwa na watu.

Kwanza zilisikika buti zikikanyaga kokoto, kisha pipa likiviringishwa. Kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Mwaga hapa hapa, ndugu yangu. Kulirudisha stoo ni fomu nne."

"Na chemchemi ya huko chini?" sauti nyingine ikauliza.

"Udongo unachuja. Mama yangu ni mtu wa maji, kaniambia mwenyewe." Sauti ile ya kwanza ikapiga chafya mara tatu, na baada ya hapo kukasikika kitu kinamiminwa ardhini kwa muda mrefu sana.

Mama Chupa alikaa kwenye kigoda chake cha maabara, kitu ambacho hakukifanya kamwe kabla ya saa nne. Sauti ile aliijua tangu ilipokuwa kilio cha kwanza. Mwanawe alikuwa zimamoto kwenye kiwanja cha ndege, na kila Jumanne kikosi chao kilifanya mazoezi ya kuzima moto kwa povu la dawa linalotunzwa kwenye mapipa. Na maneno ya udongo yalikuwa yake yeye. Mwanawe alipokuwa na miaka sita alikwenda naye kazini wakati wa likizo, akamwonyesha tope likiingia juu ya chungu cha mchanga na maji meupe yakitoka chini, akamwambia, "Umeona? Udongo unachuja." Alikuwa anazungumzia tope. Mtoto alibeba maneno yote, akaacha tope.

Aliyapima maji ya chupa ile kwa kila kipimo alichokuwa nacho. Rangi safi, harufu hakuna, klorini sawa, vijidudu sifuri. Kipimo cha povu la kuzimia moto hakikuwepo. Mashine yake ilikuwa kwenye orodha ya vifaa vitakavyokuja, na orodha hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani muda mrefu hata karatasi imegeuka njano. Fomu aliijaza yote isipokuwa safu ya mwisho. Chupa aliitia kwenye kikapu chake, akaenda nayo nyumbani.

Jioni, mkwewe alikuwa akimpangusa mtoto uso, na mwanawe alikuwa ameketi mezani akifungua kamba za buti. Mama Chupa aliweka chupa mbele yake, akaifungua. Mwanawe alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema.

"Najua."

"Hayo mafua yalinishika wiki ya arusi yetu. Si unakumbuka, mama? Picha zote nimefumba macho, napiga chafya."

"Arusi yenu ina miaka miwili."

"Ndiyo. Miaka miwili."

Mama Chupa aliziba chupa. Alikuwa amejiuliza kwa nini ndege za majini zote zilikuwa za zamani, na sasa alijua. Maji ya ardhini hayana haraka. Kutoka uwanja wa mazoezi hadi kwenye chemchemi yalitumia miaka miwili, na yalifika na kila kitu yalichopewa njiani.

"Mmemwaga mara ngapi?" aliuliza.

"Kila Jumanne, mama. Mkubwa wetu ndiye anayeagiza. Nimeikuta kazi iko hivyo."

"Mpaka leo?"

Mwanawe alizitazama buti zake. "Jana tumemwaga mapipa mawili."

Mkwewe alimhamisha mtoto kutoka goti moja kwenda la pili. "Kwa hiyo anachokunywa huyu ni kile cha kabla hajazaliwa," alisema. "Cha jana atakuja kukinywa akiwa anatembea na kusema."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mama Chupa alimwonea mwanawe hasira, na papo hapo alimwonea huruma, na zaidi ya yote alijionea haya mwenyewe. Alimtazama akizungusha kamba ya buti kidoleni kama alivyofanya alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

"Kikao cha wananchi ni kesho," alisema. "Wakisogeza uwanja wenu mpaka hatua arobaini, maji hayatahitaji miaka miwili. Mwezi mmoja utatosha."

"Ukiipeleka hiyo chupa, mimi sina kazi."

"Najua, mwanangu."

"Basi," alisema, na akaendelea kufungua buti.

Kikao kilifanyika saa nne asubuhi katika ukumbi wa shule. Panapokusanyika zaidi ya watu mia moja lazima awepo zimamoto mlangoni, na kiwanja cha ndege, kwa ukarimu, kilimwazima mwenyekiti wa kikao zimamoto mmoja. Alikuwa mwanawe Mama Chupa, amevaa sare, kofia chini ya kwapa. Mama Chupa alimpita akiingia. Hawakuamkiana, kwa sababu walikuwa wameshaamkiana nyumbani.

Ndani ya kikapu alikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa ya Jumatatu, yenye ndege tu; ya pili ilikuwa ile ya Jumatano. Mpaka cheo chake kilipoitwa alikuwa hajaamua atoe ipi. Njiani kwenda mbele alijiambia kwamba ndege peke yake zingetosha, kwamba watu wenye akili wangesikia ndege majini na kuelewa mengine wenyewe. Kisha akaiona glasi ya mwenyekiti, imejaa maji ya bomba, na akaona jinsi mwenyekiti alivyoyanywa huku ndege ikiruka humo, akasubiri ipite, akajifuta mdomo, akasema, "Karibu, mama, tunakusikiliza." Mama Chupa alipiga moyo konde, akatoa chupa ya Jumatano.

Ukumbi wote ulisikia buti, pipa, fomu nne, na udongo unachuja. Ukasikia chafya tatu. Mtu wa mstari wa nyuma alisema, "Afya," kwa mazoea. Kisha watu walikaa wakasikiliza povu likimwagwa hadi tone la mwisho, na ilichukua muda, kwa kuwa pipa lilikuwa kubwa.

"Sauti ya nani hiyo?" mwenyekiti aliuliza.

"Yangu," alisema zimamoto kutoka mlangoni.

"Asante kwa ushirikiano. Mama, sampuli hii ni ya lini?"

"Ya jana asubuhi."

"Na maneno yaliyomo?"

"Ya miaka miwili iliyopita."

Mwenyekiti alishauriana na karani. "Kanuni inasema sampuli ikipita saa ishirini na nne haipokelewi. Hii imepita kwa miaka miwili."

"Maji ni ya jana, mwenyekiti. Na yanayomwagwa leo yako njiani. Povu si tope. Udongo hauchuji povu."

Hapo wakili wa kiwanja cha ndege alisimama. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzuri, na alianza kwa kumpongeza Mama Chupa kwa miaka ishirini na saba ya utumishi. Kisha akauliza, "Mama anayetajwa ndani ya chupa, huyo mtu wa maji, ni nani?"

"Ni mimi."

"Na ni kweli ulimwambia kwamba udongo unachuja?"

"Alikuwa na miaka sita. Nilikuwa namwonyesha tope."

"Ulimwambia, au hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Asante, mama," alisema wakili, akaketi. Karani aliandika. Mama Chupa alitaka kuongeza maneno, na aliyaongeza, mengi na ya haki, lakini karani alikuwa ameshafunga kalamu.

Ripoti ya mwisho ilitoka baada ya wiki tatu. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba upanuzi umeruhusiwa, na ukurasa wa pili ukasema kwa nini: mtaalamu wa maji wa mji, mwenye uzoefu wa miaka ishirini na saba, alikuwa amethibitisha mbele ya wananchi kwamba udongo unachuja. Chini yake palikuwa na cheo chake, kimeandikwa bila kosa. Mkuu wa maabara aliubandika ukurasa huo ukutani, kwa sababu haikuwa kawaida maabara yao kutajwa. Mama Chupa alimwomba aubandue, naye akaubandua, akaukunja vizuri na kuutia kwenye faili.

Mwanawe aliachishwa kazi kwa kosa la kutoa siri za kazi kupitia maji ya umma. Mkubwa wake alipanda cheo, kwa kuwa kikosi kilikuwa kinakua. Kwa siku nne mwanawe alishinda na mtoto. Siku ya tano alibadilisha mpira wa bomba la jikoni uliokuwa ukivuja, akaziba tundu la paa, akafunga begi. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi wa ghala katika mji wa mbali.

"Sikulaumu, mama," alisema mlangoni. "Ningekuwa wewe, ningefanya vilevile. Lakini usinisindikize."

Mama Chupa alibaki mlangoni. Alikuwa na maneno ya kumwambia, nayo yote yalikuwa ya kuomba msamaha, na hakujua anaomba kwa kosa lipi kati ya mawili, lile la udongo au lile la chupa. Mkwewe alimsindikiza mpaka kituoni na mtoto mgongoni.

Matingatinga yalikuja, njia ikarefushwa, uzio ukasogea. Ndege kubwa zilianza kuruka juu ya paa, na ndege ndogo za zamani ziliendelea kuruka ndani ya masufuria, na mtu aliyekaa jikoni alisikia za juu na za chini zikipishana. Fomu za maabara zilichapwa upya. Baada ya vijidudu sasa kulikuwa na safu ya sauti, na kitabu cha viwango kilipata ukurasa mpya: kiwango cha juu ni ndege sita na mazungumzo mamoja kwa lita. Mama Chupa alihesabu kila asubuhi kwa uaminifu. Maji hayakuzidi hata mara moja. Aliandika barua nne kuhusu povu, na zote zilijibiwa kwa adabu.

Maji ya mjukuu wake aliyabeba mwenyewe. Kila jioni baada ya kazi alipita upande wa pili wa mji, kwenye bomba lisilotokana na chemchemi, akajaza madumu mawili, akarudi nayo mgongo umepinda. Yalikuwa maji mazuri, kimya kabisa. Mtoto aliyanywa kwa miezi kadhaa bila maneno.

Lakini kila Jumatano bomba la jikoni lilileta Jumanne nyingine ya zamani, na mkwewe akajizoeza kukinga maji kwenye bakuli na kukaa karibu nayo. Mume wake alisikika akitaniana na wenzake, akiimba vibaya, akilalamika kwamba buti zinabana. Mkwewe alicheka peke yake na hakuyanywa. Mama Chupa alipita jikoni akijifanya anatafuta kitu, akasikiliza naye.

Mtoto alikuwa na miezi kumi na saba, akitembea kwa kushika meza, siku bakuli lilipoleta habari ile. Ilikuwa jioni, madumu ndiyo kwanza yametua sakafuni. Buti, pipa, kisha sauti: "Jamani, nina neno. Mke wangu ana mimba." Wenzake wakapiga kelele, mtu akapiga makofi, mwingine akauliza anataka wa kiume au wa kike. "Wa kike," sauti ikasema. "Nitamleta hapa aone ndege." Walicheka wote kwa pamoja, na katikati ya kicheko mtu akafungua pipa na povu likaanza kumwagika.

Mkwewe alifunika uso kwa ukingo wa kanga. Mtoto aliachia meza, akasimama bila kushika kitu. "Baba," alisema. Alichovya kikombe chake cha masikio mawili ndani ya bakuli, akakiinua kwa mikono yote miwili. Mama Chupa alinyoosha mkono kukiwahi, lakini mgongo ulikuwa umechoka, akachelewa.

Mtoto alikunywa mpaka chini, taratibu, macho wazi, akisikiliza. Kisha akamnyooshea bibi yake kikombe, aongezewe.